Kamera za shambani, picha mama ndio ipite kwanza

Asalaam alaykum mhariri, naomba kanafasi gazetini kwako nieleze hizi kamera ndogo zinazofungwa mashambani kwenye mtandao wa sensa (sio sensa ya kuhesabu watu jamani, nasema vile vidude visivyo na waya vinavyopima joto, unyevu, na kugutuka mtu akipita).

Huku kwetu Wete tulifungiwa msimu uliopita tulinde karafuu, tukaambiwa mwizi mtamuona laivu kwenye simu. Tukaona nini? Mtu hana kichwa, mara picha imeganda, mara vibokisi vya kijivu vitupu, na siku ya tatu betri chali. Waliofunga wakailaumu mvua. Na kweli majani yakirowa yanakula mawimbi ya gigahezi 2.4, ila mimi nnavyoona walikosea hesabu tangu mwanzo. Redio za Zigbee, ambazo vidude hivi huzitumia kuongea bila waya, kwa masafa hayo zinabeba kilobiti 250 tu kwa sekunde, tena hiyo ya kwenye karatasi, na paketi moja (kifurushi cha data kinachotumwa kwa mkupuo mmoja) haizidi baiti 127. Sasa chukua picha moja ya 640 kwa 480, nyeusi na nyeupe, usiibane (usiipunguze ukubwa wa faili), ni baiti 307,200, na baiti moja ni biti nane, yaani sekunde kama 10 kwa picha moja tu! Halafu kidude kikimpokeza mwenzake kwenye chaneli hiyo hiyo spidi inashuka tena maana redio moja haipokei na kutuma kwa pamoja.

Kwa hiyo kamera iachwe ilale, sensa ya mwendo ndio iiamshe, ikiamka ibane picha hapo hapo, kisha itume kile kilichobadilika tu, mkarafuu wenyewe hauendi popote wa nini kuutuma kila sekunde? Kwenye vidio iliyobanwa kuna picha mama iliyokamilika, zinazofuata zinabeba mabadiliko tu, mama akipotea njiani wanawe wote wanaharibika, ndio vile vibokisi. Basi paketi za mama zipewe njia ya mbele na zikipotea zirudiwe, za watoto moja mbili zikianguka si neno. Na anaetaka vidio mfululizo usiku kucha afunge waifai na sola ya maana, sensa zibaki kazi ya kupiga kelele.

Msimu ujao anaekuja kutuuzia mtambo ajaribu kwanza wiki nzima hapa hapa chini ya mikarafuu, na mvua inyeshe, sio atuoneshe ofisini chini ya feni. Tukishaona majamvi yetu ya kuanikia karafuu kwenye simu ndio tuongee bei.

Mkulima na fundi simu,
Wete, Pemba