Viambishi vya Kijerumani havitaki orodha, vinataka sikio

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu aliyewashauri wanaojifunza Kijerumani wakariri orodha mbili: viambishi awali vinavyobanduka kwenye kitenzi na visivyobanduka. Mimi nilizikariri zote, zikaniumbua.

Nilikuwa dereva wa gari la mizigo Hamburg. Siku moja nilikwepa nguzo iliyosimama vibaya katika ua wa ghala, nikampigia bosi simu kwa majivuno: "Ich habe den Pfosten umgefahren." Akatoka mbio, koti hana, akaja kukagua bampa. Kumbe nimemwambia nimeigonga nguzo nikaiangusha! Aliyeizunguka husema "umfahren" tu, bila "ge" katikati.

Um- imo kwenye orodha zote mbili, na wenzake über-, unter- na durch- vivyo hivyo. Kinachoamua ni mkazo. Ukikaza kiambishi, kinabanduka: ÜBERsetzen ni kuvusha mtoni, na katika sentensi ya kawaida hiyo über utaikuta mwishoni kabisa. Ukikaza shina, überSETZEN, ni kutafsiri, wala hakibanduki kitu. Hata be-, er-, ver- na zer-, zinazokaririwa kama sala, hazikazwi kamwe na hazibanduki kamwe.

Hapo ndipo wasemaji wa Kiswahili tunaponaswa, maana ulimi wetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kupiga simu, Mjerumani hukuita ANrufen. Sisi tunasema anRUfen. Tukisoma umfahren, ulimi unaizunguka nguzo hata pale mwandishi alipotaka ianguke. Na wala mchezo huu si mgeni kwetu: barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara huandikwa sawasawa, ila sikio halizichanganyi.

Kiambishi kikishabanduka huenda na mkazo wake hadi mwisho wa sentensi, nawe unakingojea. Siku ya usaili bosi huyohuyo alianza, "Ich stelle Sie…", akataja siku, akataja saa, nami nimebana pumzi. Ikiishia ein, nimeajiriwa. Ikiishia vor, ninakwenda kutambulishwa kwa mtu mwingine.

Ikaishia vor. Ein niliisikia baada ya wiki mbili.

Dereva mstaafu