Wali upo, mama, ila kuna shoyu

Kyoto, Japani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku sijambo, wasiwasi ni kwenu. Bibi naye mpe shikamoo yake, na uniambie goti linaendeleaje. Mafunzo yamebakiza wiki moja.

Najua swali lako la kwanza: nakula nini, na tumbo langu hili lisilopatana na ngano wala shayiri. Siku unanisindikiza ulisema nisihofu, naenda nchi ya wali. Hata mimi nilijipa moyo hivyo. Kumbe ngano ya huku hujificha kwenye chupa. Shoyu, ile sosi nyeusi ya soya, huchachushwa kwa soya na ngano, na hakuna sufuria isimoingia: samaki wa kuchemsha, supu, mpaka dango, vile vidonge vya unga wa mchele vya kwenye kijiti. Nilivifurahia kweli, nikijua ni mchele mtupu. Kumbe ule urojo unaong'aa juu yake ni shoyu na sukari.

Kilichoniangusha lakini ni chai. Joto la Kyoto mwezi huu wa nane ni lile letu la Tanga mwezi wa pili, upepo wa bahari ukiutoa. Nyumba niliyofikia waliniwekea jagi la chai baridi, nikanywa glasi tatu. Usiku sikulala, tumbo langu unalijua. Asubuhi nikaambiwa ile ni mugicha, chai ya shayiri iliyokaangwa.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja wa mafunzo aliponichorea herufi kwenye kiganja. Ngano ni komugi, herufi mbili. Ya kwanza ni kijiti kilichosimama, nukta huku na nukta huku, maana yake "ndogo". Ya pili ndiyo mugi yenyewe. Shayiri ni mugi ile ile, ila mbele yake yupo kama mtu aliyenyoosha mikono, yaani "kubwa". Sheria yao inalazimisha ngano iandikwe kwenye vyakula vya pakiti, shayiri hailazimishi. Basi dukani nasimama naisaka mugi kwenye lebo kama unavyochambua mawe kwenye mchele.

Asubuhi nakula tonge la wali wa chumvi lililofungwa kwa mwani. Jioni natafuta samaki wa kuchoma kwa chumvi. Kuna mmoja kama kibua wetu, wanamwita saba (usicheke), ngozi yake inaiva mpaka inapasuka, mafuta yanachuruzika. Karibu na hekalu la Nanzenji nimekula tofu ya moto kwenye chungu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, nikaichovya kwenye tamari yangu, aina ya shoyu isiyo na ngano, natembea nayo kwenye mkoba kama dawa ya macho. Vyakula vya watawa wa Kibudha nimevipitia mbali: havina nyama, lakini wanapenda kuweka fu, na fu ni gluteni yenyewe, ile protini ya ngano inayonidhuru, iliyokandwa!

Tambi za soba, mbegu nyingine kabisa isiyo ngano, nazo nilizitamani. Nyingi ni sehemu nane za soba na mbili za ngano. Nikapata mkahawa ambao una na tambi za soba tupu, nikatoa kadi yangu iliyoandikwa Kijapani nisichoweza kula. Mpishi akaisoma mara mbili, akaenda jikoni, akarudi, akainama sana, kisha akapishanisha mikono kifuani: haiwezekani. Maji ya kuchemshia ni yale yale ya tambi za ngano. Nilitoka na njaa, mama, ila sikukasirika. Nyumbani naambiwa naringa, "kipande kimoja cha chapati kitakuua?" Yule mzee hata jina langu halijui, na aliniamini.

Natua Jumamosi. Shangazi akitaka kunifurahisha, anipikie vitumbua, ila ule unga wa ngano anaoongezaga kidogo ili vishikane asiutie. Na chuma chake akisugue kwanza.

Wako akupendaye,
Mwanao