Risala ya wanakikundi wa mapambo ya mabanzi kwa Mgeni Rasmi, Mafinga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Mtendaji wa Kata na wenyeviti wa mitaa,
Viongozi wa dini na wazee wetu,
Wazazi na wanakikundi wenzangu,
Mabibi na mabwana,

Kamwene! Asalamu aleikumu. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii, zikiwa zimebaki siku chache tu kufika 9 Desemba, siku ya Uhuru. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuja kwenye uwanja wenye matope kiasi hiki. Tulipanga kufunga turubai asubuhi, mvua ikatuwahi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina wanachama 14: wanawake 9 na vijana wa kiume 5. Tulianza tukiwa 22. Wenzetu 8 waliona faida inachelewa wakahamia kwenye parachichi, na hatuwalaumu, maana wengine wao ndio wateja wetu leo. Tunatengeneza mapambo ya nyumbani kwa mabaki ya mbao: vibao vya ukutani, fremu za picha, visanduku vya maua, vining'inizo vya funguo na saa za sebuleni, vyote vikiwa na rangi na alama za nchi yetu.

Mbao zetu nyingi ni mabanzi. Kwa mgeni ambaye hajakaa huku Mufindi, banzi ni ule ubavu wa gogo unaotangulia kukatwa na msumeno kiwandani. Upande mmoja umenyooka, upande wa pili una gamba la mti. Misindano ya Shamba la Miti Sao Hill inapasuliwa hapa Mafinga kila siku ya Mungu, na kila gogo linaacha mabanzi. Mengine yanajenga uzio na mabanda ya kuku, mengi yanaishia kwenye matanuri ya tofali. Sisi tulipoanza tulipewa bure, sharti letu likiwa kufagia uwanja wa mashine. Siku hizi nayo yana bei.

Ukiliona banzi limelala chini huwezi kulidhania kitu. Unalichuna gamba kwa panga, unapitisha brashi ya waya, na hapo nyuzi za mbao zinajitokeza kama mistari ya kiganja. Baadhi tunayababua kwa moto kidogo kabla ya kupiga brashi, ile sehemu laini inaungua na kutoka, ngumu inabaki imeinuka. Sehemu tunayotaka ionekane imelika kwa miaka mingi tunaipaka nta ya mshumaa, kisha tunapaka rangi juu yake. Rangi haishiki penye nta. Ukija kusugua na msasa inatoka yenyewe, mbao inachungulia. Sisi kazi hiyo tunaiita kuzeesha. Kuna mama mmoja hapa anazeesha kibao kwa nusu saa ukaapa kimeachwa na babu yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tusingependa uondoke ukidhani tulijua haya tangu mwanzo. Kundi letu la kwanza la vibao liliharibika lote. Tulikuwa na haraka ya kuwahi sherehe za Muungano za 26 Aprili, tukapaka rangi mabanzi mabichi. Baada ya wiki mbili vibao vikapinda kama kigae. Kibaya zaidi kilikuwa kwenye njano. Msindano una utomvu mwingi, hasa kwenye vifundo, na utomvu ule ulipenya rangi ukatoka juu yake madoa ya kahawia. Mteja mmoja alirudisha kibao chake akauliza kama kimepata surua.

Tangu siku hiyo kila kifundo kinapakwa shelaki, aina ya vanishi inayozuia utomvu, mara mbili kabla ya rangi yoyote. Mabanzi tunayapanga chini ya paa, tukiweka vijiti katikati ili upepo upite, na hayagusi udongo. Kipimo cha unyevu hatuna, kwa hiyo tunachukua vipande viwili vitatu kila Jumamosi tunakwenda kuvipima kwenye mizani ya dukani. Kipande kikipungua uzito, bado kina maji. Kikirudia uzito uleule wiki mbili mfululizo, tunaanza kazi. Mwenye duka alikuwa akituuliza kama sasa tunauza mbao kwa kilo. Sasa amezoea, anaandika mwenyewe kwenye daftari lake.

Tunatumia pia mapaleti, vile vichanja vya mbao vya kubebea mizigo, yanayoshushwa na shehena za madukani. Hapo tunasoma muhuri kwanza. Paleti yenye herufi HT wadudu wake waliuawa kwa joto, hiyo tunaichukua. Yenye MB ilipigwa gesi ya methili bromidi, hiyo hatuiingizi kwenye nyumba ya mtu. Vilevile hatugusi vipande vya nguzo za umeme, vile vyenye ukijani uliofifia, hata tukipewa bure. Dawa iliyopigwa kwenye nguzo zile ina shaba, kromiamu na aseniki. Tunaomba nafasi hii itumike kuwaambia akina mama walioko hapa: vipande vile si kuni. Moshi wake ni sumu, na jivu lake ni sumu.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tufike kwenye jambo lililotufanya tukuombe uje wewe.

Bidhaa yetu ya kwanza ilikuwa bendera ya Taifa kwenye mabanzi, sentimita 60 kwa 40. Tulidhani ni kazi nyepesi, rangi nne tu, mtoto wa darasa la tatu anaichora. Kijana wetu alikata kielelezo cha boksi, kikageuzwa bila mtu kugundua, tukapaka vibao 5 ambavyo bluu imekaa juu. Ndipo tukakaa chini tukajifunza upya: kijani juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa pili, mkanda mweusi unapanda kutoka pembe ya chini ya mlingoti hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na njano pande zote mbili za mweusi. Tunapaka njano kwanza, ikikauka tunabandika tepu ya karatasi kwenye kingo, halafu mweusi katikati. Ukianza na mweusi utahangaika siku nzima.

Zikatoka bendera nzuri, zimenyooka. Halafu tukazizeesha. Tulisugua kijani mpaka mbao ikaonekana, tukachubua pembe, tukapitisha moshi kidogo. Wateja wa kutoka nje ya wilaya walizipenda sana. Siku ya mnada akapita mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasimama mbele ya meza yetu muda mrefu. Hakuuliza bei. Akasema, "Wanangu, hii bendera imetoka vita gani?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nilipokuwa mwalimu wa zamu, bendera ikichakaa tulikuwa tunaishusha. Nyie mnaichakaza kwa makusudi halafu mnaiuza."

Kikao cha jioni ile hatutakisahau. Vijana walisema mzee hajui soko, kwamba mteja ananunua huo uchakavu wenyewe. Akina mama walisema mzee kasema kweli. Tulifika usiku tukiwa hatujaelewana. Aliyetutoa hapo ni mwenzetu mmoja aliyeleta habari ya Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10, kwamba bendera na Ngao ya Taifa si vitu vya kuweka kwenye biashara bila kibali. Wengi wetu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia. Kumbe tulikuwa tumeshapanga kuchonga Ngao yenyewe, pamoja na Bibi na Bwana na pembe zao za ndovu!

Bendera 6 zilizokuwa zimebaki tulizipiga randa mpaka mbao ikarudi ilivyokuwa. Iliuma, maana kila moja ilikuwa imetuchukua siku mbili, lakini hakuna aliyekataa.

Toka hapo tukaamua kuzeesha tunayoruhusiwa kuyazeesha. Utaona mezani kibao cha Mlima Kilimanjaro chenye theluji iliyokwanguliwa hadi kwenye mbao, utaona twiga, utaona karafuu na pamba. Rangi nne zipo, ila zimekaa kama mistari ya mkeka au ya kanga. Kuna kibao chenye mkuki mmoja na maandishi "Lugalo 1891", mwaka ambao mashujaa wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo. Hicho kinanunuliwa sana na watu wa Iringa mjini. Kinachoongoza kwa mauzo, na hili lilitushangaza, ni kibao kidogo cha mlangoni kilichoandikwa "Kamwene" tu. Wahehe na Wabena walioko Dar es Salaam wanaagiza kwa simu. Uzalendo tulikuwa tunautafuta mbali kumbe uko kwenye salamu.

Hata hivyo, bado watu wanatuuliza bendera, hasa shule na ofisi za vijiji, na ikikaribia 9 Desemba kama sasa maombi yanaongezeka. Tunawarudisha. Wakati huohuo tunaona vitu vyenye bendera vikiuzwa barabarani, vingine bluu ikiwa juu kama vile vya kwetu vya mwanzo.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, si fedha. Tunaomba utusaidie tupate mtu wa kukaa nasi atueleze kwa Kiswahili chepesi kipi kinaruhusiwa, kipi kinahitaji kibali, na kibali hicho kinaombwa wapi. Tumeshakwenda ofisi moja tukaelekezwa nyingine, ile nyingine ikaturudisha kwenye ya kwanza. Tukipewa kibali tutachora bendera iliyonyooka, isiyochubuliwa. Uchakavu utabaki kwenye fremu.

La pili ni banda la kukaushia. Kuanzia Novemba hadi Aprili tunategemea uvungu wa paa la nyumba ya mwanachama, na ukungu wa Juni na Julai nao hautuachii. Banzi likikaa na maji linaota madoa ya bluu. Bati 30 zingetutosha. Nguzo na kuta tutazipata kwenye mabanzi hayohayo.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya Halmashauri, tumejaza fomu na tunasubiri. Hatusemi zaidi, maana wahusika wapo hapa na tunawaheshimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha ukague meza zetu, uanzie upande wa kulia ambako hakuna matope. Tumekuandalia zawadi ya kibao cha Kilimanjaro. Tunaomba utakapokipokea usikishike pembe ya chini kushoto. Kwa mvua ya juzi na jana, kijani hakijakauka.

Naomba kuwasilisha.