Msosi wa safari ya Malaysia

Wapendwa mambo vipi, maswali ya chakula yamekuwa mengi inbox kwahiyo naandika hapa mara moja. Kuala Lumpur utapata kila kitu ndio, ila chakula chenyewe cha Wamalay kiko mikoani na kila jimbo lina vyake, so msishibe nasi lemak (wali wa tui) siku ya kwanza mkadhani mmemaliza.

Kota Bharu, jimbo la Kelantan, kuna nasi kerabu, wali wa bluu kabisa, msishtuke, hiyo rangi kiasili ni ya maua ya bunga telang, unaliwa na samaki, majani mabichi yaliyokatwakatwa na budu ambayo ni mchuzi wa dagaa waliochachushwa kwa chumvi, harufu yake sio mchezo ila weka kidogo uone. Terengganu nasi dagang, wali wa tui na uwatu na mchuzi wa jodari, watu wa pwani hapo mtajiona nyumbani, kwangu mimi hiyo ndo namba moja. Johor wana laksa (tambi za mchuzi) ya spageti, eti spageti 😂, na inaliwa kwa mkono. Temerloh kuna samaki patin kwenye tempoyak, yaani tunda la durian lililochachushwa, hiyo sitamlazimisha mtu.

Kelantan na Terengganu wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, na nasi dagang ni ya asubuhi, ukichelewa kuamka utaikosa.

Mwenye aleji ya samaki, kamba au karanga anitext leo jioni plz.