Kabla hujasema risasi zetu za mazoezi ni ghali

Wiki iliyopita mteja mmoja aliweka mfuko wa plastiki wenye risasi juu ya kaunta ya duka letu, akaufungua, akasema, "Hizi nimezipata kwa nusu ya bei yenu. Ninyi mnatuibia." Si wa kwanza kusema hivyo. Wengi hutuambia tunauza ghali, na wengi wao huwa tayari wameshanunua kwingine, kwa hiyo leo naeleza kwa urefu.

Nilimwomba tuzimwage risasi zile juu ya kitambaa tuzitazame pamoja. Ukisoma mihuri nyuma ya maganda, yalikuwa ya viwanda vitatu tofauti. Mengine yalikuwa na mikwaruzo ukingoni, pale ndoana ya bastola inaposhika ganda kulitoa, yaani yalishafyatuliwa, kisha mtu akayajaza upya. Nikachukua risasi moja, nikaisimamisha mezani na kusukuma kichwa chake kwa kidole gumba. Kikazama ndani ya ganda, mbele ya macho yake.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kichwa kikizama, nafasi ya baruti inapungua, na mgandamizo unaruka juu mno. Kwa viwango vya Marekani, kikomo cha 9mm Luger ni pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba, na zenye alama ya +P, yaani zilizojazwa kwa mgandamizo wa juu zaidi, hufika 38,500. Bastola nzuri imeundwa kwa vipimo hivyo. Haikuundwa kwa makisio ya mtu asiyejulikana aliyejaza baruti sebuleni kwake.

Sisemi risasi za kujazwa upya ni mbaya. Wapo wanaojijazia wenyewe kwa mizani na subira, na viko viwanda vinavyofanya kazi hiyo vizuri, vinaandika jina lao na namba ya toleo kwenye boksi. Kosa ni kununua zisizo na boksi wala namba, kwa sababu zikileta madhara hakuna wa kumuuliza.

Mwaka jana mteja mwingine alikuja kwenye uwanja wa shabaha na risasi za aina hiyohiyo. Katika magazini (kasha la risasi la bastola) ya tatu, badala ya mshindo tukasikia mlio hafifu, kama kizibo kinachotoka kwenye chupa. Msimamizi alipiga kelele "Simama!", lakini jamaa alishakoki, akafyatua tena. Ile ya kwanza ilikuwa na fataki (kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) bila baruti, na kichwa chake kilikuwa kimekwama katikati ya mtutu. Ya pili ikakigonga kwa nyuma. Mtutu ukavimba kama koo lililomeza embe, na slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayokwenda na kurudi, ikagoma kurudi. Vidole vyake vilipona, tunashukuru Mungu. Mtutu mpya na kazi ya fundi vilimgharimu zaidi ya risasi zote alizowahi kununua kwetu. Ukisikia mlio usio wa kawaida, acha kufyatua, elekeza mdomo wa bastola kwenye shabaha, umwite msimamizi. Fataki ikigongwa na risasi isilie kabisa, subiri angalau nusu dakika kabla ya kuitoa, maana huenda imechelewa tu kuwaka.

Sasa namna ya kuchagua za bei nafuu. Anza na maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, usianze na boksi. "Nipe za tisa" haitoshi. 9×19 (ndiyo hiyo 9mm Luger) na 9×18 za bastola ya Makarov ni ndugu wa jina tu: kichwa cha Makarov kina kipenyo cha karibu milimita 9.27, cha 9×19 kama 9.01. Ndiyo maana tunakuuliza maswali mengi kaunta, na tunaomba usikasirike.

Kwa karatasi ya shabaha, chukua zenye kichwa cha mviringo kilichovikwa koti la shaba. Zile zenye tundu kichwani zimetengenezwa kutanuka zinapogonga mwili, na karatasi haina haja na hilo. Kwa uzito wa kichwa, 9×19 huja zaidi katika greni (kipimo kidogo cha uzito) 115, 124 na 147. Ya 115, kama gramu 7.5 hivi, mara nyingi ndiyo ya chini kwa bei, na bastola nyingi huila bila shida. Ila zipo zenye springi ngumu ambazo hazipati msukumo wa kutosha, hasa zikiwa mpya. Mama mmoja alimlipa fundi mara mbili kwa bastola "inayokwama". Tulipompa za 124, zikapita zote.

Maganda ya chuma ni nafuu, na mengi hufanya kazi. Lakini hayatanuki vizuri kama ya shaba kuziba chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), hivyo masizi hujaa na inabidi usafishe mara nyingi zaidi. Viwanja vingi pia huja na sumaku: kichwa kikinasa, hakiruhusiwi, kwa kuwa chuma hutoa cheche na kuharibu mabamba ya shabaha. Uliza kabla ya kununua kreti nzima. Na risasi za zamani za jeshi, zile za mikebe, nyingi zina fataki zinazoacha chumvi inayovuta unyevu. Mafuta peke yake hayaiondoi. Suuza kwa maji ya moto, kausha, ndipo upake mafuta, siku hiyohiyo.

Bei yetu ina kazi ndani yake. Kila shehena mpya tunafungua boksi, tunapiga magazini mbili katika bastola tatu tofauti kabla ya kuiweka rafuni. Usipige hesabu kwa boksi, kwani mengine yana 50 na mengine 100. Gawanya upate bei ya risasi moja. Nunua boksi mbili za majaribio kwanza, zikipita zote rudi uchukue nyingi za toleo lilelile. Na kama bajeti imebana, fanya mazoezi ya kuvuta kifyatuo nyumbani, bastola tupu, umeikagua mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine. Hapo hatupati hata senti, lakini mkono wako utatulia. Bastola ya .22, inayotumia risasi ndogo na za bei ya chini, nayo hupunguza gharama sana.

Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Neno risasi ni jina la madini pia, na vumbi lake ni sumu.

Yule mteja wa mfuko alichukua maboksi mawili ya 124. Jumamosi alipiga zote 100, hakuna iliyokwama. Mfuko wake ameuacha kwetu, tumeufungia kabatini hadi tuukabidhi kwa wanaoharibu risasi kisheria.