Sanduku la mzee lisipande lori

Sinza, Dar es Salaam
9 Februari 2025

Ndugu yangu Idrisa,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, ila jua la Februari unalijua. Barua yako imefika na habari ya uhamisho wako kutoka Dodoma kuja huku Dar imefurahisha nyumba nzima. Shemeji yako ameshaanza kuuliza mtakaa upande gani, asije akalazimika kupanda daladala tatu kumfuata wifi yake. Nami nimefurahi sana. Ila uliposema lile sanduku la sigaa, zile nene za majani ya tumbaku, za marehemu mzee utalipakia kwenye lori na makochi, nikaona nisisubiri uje ndipo tuzungumze.

Sigaa zile 25 umezitunza vizuri kwa sababu adui yako Dodoma ni ukavu. Ulifanya sawa kuweka kile kisahani chenye sifongo na kukiongezea maji kila kinapokauka. Huku sahau kisahani. Sigaa inataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21, na karibu kila maelekezo utakayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako hita ikiwashwa hewa ya ndani inakauka kabisa. Kwa hiyo wanafundisha kuongeza maji. Sisi watu wa pwani kazi yetu ni kuyapunguza, na kupunguza joto. Masika hii inayokuja, usiku unyevu utapita asilimia 80 bila shida, na tumbaku ni kama chumvi ya kwenye kibakuli: inanyonya unyevu wowote inaoupata.

Nakuambia hivi kwa sababu yamenikuta. Mwaka 2022 bosi wangu wa zamani alinipa sigaa 12 nilipostaafu. Nikamwagiza fundi mmoja wa Keko anichongee kisanduku, akakipaka vanishi nje na ndani ingawa nilimwomba ndani asiguse. Nikakiweka juu ya kabati chumbani, nikiamini nimemaliza. Aprili nilipokifungua ilinipokea harufu ya mkeka uliolowa, imechanganyika na vanishi. Sigaa nne zilikuwa zimeota kuvu kwenye ncha, manyoya meupe yenye ukijani. Nyingine zilionekana nzima, mpaka nilipoisogeza moja dirishani. Jani la nje lilikuwa na vitundu kama vya sindano ya kushonea, vitatu vimefuatana, na nilipoigongagonga kiganjani ukadondoka unga wa kahawia laini kama mdalasini. Ndani ya unga ule kadudu kanatembea. Nilikaa barazani na ile sigaa mkononi mpaka magharibi. Ilikuwa zawadi ya miaka 19 ya kazi.

Kale kadudu kana urefu wa milimita mbili hadi tatu, kanafanana na fukusi wa kwenye unga, na jina lake la kitaalamu ni Lasioderma serricorne. Mayai huwa yamo kwenye majani tangu huko yalikotoka, huyaoni. Joto likiwa chini yanatulia. Likizidi nyuzi 24 au 25 na likakaa hapo, yanaanguliwa, na funza ndiye anayechimba njia ndani ya sigaa. Sasa niambie, chumba gani cha Dar kisicho na kiyoyozi kinashuka chini ya 25 mwezi Machi?

Dawa yake ni friza, na ndiyo kazi ya kwanza tutakayoifanya ukifika. Sigaa zinafungwa kwenye mifuko miwili ya kubana, hewa imetolewa, zinakaa friji ya kawaida siku moja. Kisha friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, siku tatu kamili. Kisha zinarudi friji siku moja, ndipo zinatoka nje, na mfuko usifunguliwe mpaka zimerudi kwenye joto la chumba. Ukizitoa friza moja kwa moja mezani jani la nje linapasuka. Usikubali mtu akuharakishe hapo.

Kuna jambo moja lilinichukua muda kulielewa, na nataka ulishike vizuri. Hewa ya moto inabeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba hadi kama gramu 30 za mvuke. Ikishuka hadi nyuzi 20 mwisho wake ni gramu 17 tu. Hewa ya jikoni kwangu saa saba mchana, yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, ina gramu 24. Ukifungua kontena hapo, likajaa hewa hiyo, ukalifunga na kulirudisha kwenye baridi, zile gramu zilizozidi zinakwenda wapi? Zinakuwa matone. Ni lile jasho la chupa ya soda, ila linakushukia juu ya tumbaku. Ndiyo maana mimi hufungua alfajiri tu, chumbani, kiyoyozi kikiwa kimefanya kazi usiku kucha.

Siku hizi ninatumia friji ndogo ya mvinyo, ile ya mlango wa kioo, niliyoipata Kariakoo ikiwa imetumika. Nimeiweka nyuzi 18. Friji ya kawaida ni baridi mno kwa kukaa muda mrefu, na sigaa inavuta harufu. Wewe hutaki sigaa ya mzee inukie dagaa. Hata humo kwenye ya mvinyo siziachi wazi, zimo ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko wa mpira. Ndani yake nimelaza pakiti ya Boveda ya asilimia 65, moja ya gramu 60 kwa sigaa 25. Hii inanyonya unyevu ukizidi na kuutoa ukipungua. Iguse kila mwezi: ikiwa ngumu imekauka, ikiwa imevimba tepetepe imeshiba maji na mfuniko wako unavuja. Wengi watakuambia uchukue ya asilimia 69 au 72. Kwa Dar mimi nasema 65, kwa sababu umeme ukikatika usiku mzima na joto likapanda, sigaa iliyo kavu kidogo inavumilia kuliko iliyoloa. Iliyoloa inavimba, haivutiki, inaungua upande mmoja.

Kipima unyevu chako usikiamini kabla hujakijaribu. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji kidogo mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Ifungie na kipima kwenye mfuko wa kubana, kutwa na usiku mzima. Kinatakiwa kisome asilimia 75. Changu kilisoma 69, maana yake miezi yote ile nilikuwa nimedanganywa kwa asilimia sita.

Lile sanduku lenyewe usilitupe. Mbao zake ni Cedrela odorata, wanayoiita mwerezi wa Kihispania, ingawa ni ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini na asili yake ni upande wa Amerika ya Kati na Kusini. Mti huo upo hata kwetu. Kule Kimboza, Morogoro, umeenea msituni mpaka unaisonga miti ya asili. Harufu yake ndiyo uliyoisikia kila ulipofungua sanduku mbele ya mzee. Nitachomoa vibao viwili vya ndani tuviweke kwenye kontena pamoja na sigaa, ziendelee kunukia vilevile.

Basi sanduku usilitie kwenye lori. Lori litalala njiani, turubai litapata moto, na wapakiaji hawajui wamebeba nini. Panda treni ya SGR, sanduku liwe miguuni pako ndani ya deli lile la kubebea samaki, lakini lioshwe na kuanikwa siku mbili. Barafu usiweke hata kipande. Kisifongo kiache Dodoma.

Zainabu akihitimu Novemba, tutakaa barazani kama mzee alivyoagiza, tuwashe mbili, moja yako na moja yangu, na tulitaje jina la mzee.

Nitakuwa stesheni kabla treni haijafika. Samaki nimeshawahamishia juu, droo ya chini ya friza ni yako.

Wako,
Hamisi