Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Vyeo: zisomeni makala zangu kabla ya kuhesabu nukuu

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo.

Niliuliza kuhusu ombi langu la kupandishwa cheo kwa njia inayotakiwa, kupitia kwa mkuu wa kituo chetu cha utafiti. Sikujibiwa. Nikaandika tena, kimya. Wiki iliyopita ndipo ilipofika barua ya kamati yako, na ndani yake hamna jibu la swali langu hata moja, ila uamuzi tu: sikupandishwa kuwa mtafiti mwandamizi kwa kuwa kipimo changu cha h, yaani namba inayohesabiwa kwa makala za mtafiti na mara zilivyonukuliwa na wengine, ni 4 na "nukuu za kimataifa haziridhishi". Mistari miwili. Hakuna makala yangu iliyotajwa kwa jina, wala hoja yangu iliyopingwa. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la taasisi yetu nimelihifadhi, wahusika wanajijua.

Profesa, ulikuja Mtwara. Ulisimama mbele yetu ukumbini, sisi wa vituo vya kanda, ukasema mtafiti anayefanya kazi pembezoni hatapimwa sawasawa na aliye karibu na maktaba, maabara kubwa na wafadhili. Ukasema kamati itaangalia kazi yenyewe. Tulipiga makofi. Mimi niliandika maneno yale kwenye daftari langu, na bado ninalo.

Sasa naomba nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu kwenye faili langu haionekani.

Nachunguza vimelea vya matende na mabusha. Unajua, Profesa, kwamba vimelea vichanga vya ugonjwa huu huja kwenye damu ya pembeni usiku, kwa wingi zaidi kati ya saa nne na saa nane, muda ambao mbu wetu wanauma. Kwa hiyo ukitaka kuviona kwa hadubini lazima uende kijijini usiku. Tunatandika mkeka chini ya mkorosho, tochi zipo kichwani, watu wanakuja mmoja mmoja, wengine wamebeba watoto waliolala. Kidole kinafutwa kwa spiriti, kinachomwa, tone linasambazwa kwenye slaidi, namba inaandikwa. Kabla ya hapo tumeshakaa na wazee mchana kutwa kuwaeleza kwamba sisi si mumiani, damu haiuzwi popote. Usiku huohuo kuna baba anakuvuta pembeni, anakuonesha busha aliloficha chini ya msuli miaka mingi, anauliza kama upasuaji utakuja lini. Unamjibu nini? Alfajiri slaidi zinarudi kituoni, zinalowekwa, zinapakwa rangi ya Giemsa, halafu ninakaa kwenye hadubini kuhesabu kimelea kimoja kimoja hadi shingo inakaza.

Msimu wa korosho ni kazi nyingine kabisa. Watu hawalali nyumbani, wamehamia mashambani kuokota na kulinda korosho zao. Ukipima kijiji wakati huo umepima waliobaki, wagonjwa na vikongwe. Tukawafuata mashambani. Huko ndiko tulikogundua kwamba wengi wenye vimelea ni wale ambao kingatiba iliwapita, kwa sababu wagawa dawa walifika vijijini wakati wenyewe wako shamba. Tukaandika. Halmashauri husika ikasogeza tarehe za kugawa dawa.

Makala ile ina nukuu chache sana. Mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele aliyeisoma na kubadili ratiba yake hakuandika makala ya kuinukuu. Alibadili ratiba. Nauliza kamati yako: hilo mnaliweka kwenye safu gani ya fomu?

Hicho kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Marekani. Hesabu yake ni nyepesi: ukiwa na h ya 4, una makala nne ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara nne. Kwa jinsi kilivyoundwa, hakishuki kamwe, hupanda tu kadiri umri wa kazi unavyosonga, na hakitofautishi aliyeandika makala nzima na aliyewekwa jina katikati ya orodha ya watu hamsini. Tena nukuu hutegemea wingi wa watu walio kwenye fani yako. Anayechunguza saratani anaandikia maelfu ya maabara duniani. Anayechunguza matende anaandikia kundi dogo, kwa kuwa ugonjwa huu ni wa maskini na fedha za utafiti wake ni kidogo. Kutuweka kwenye mzani mmoja ni kumlaumu mtu kwa ugonjwa aliouchagua, na mimi niliuchagua kwa sababu ndio uliopo hapa.

Na ile alama ya jarida, kwa Kiingereza impact factor, inatokana na kazi ya Eugene Garfield, Mmarekani aliyeanzisha faharasa ya nukuu za kisayansi. Aliyatazama majarida, na maktaba zikapata namna ya kuamua lipi linunuliwe. Ni wastani wa nukuu za jarida zima kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Makala yangu moja haina uhusiano wowote na wastani huo. Wanasayansi wenyewe walikutana San Francisco mwaka 2012 wakatoa azimio kwamba alama ya jarida isitumike kumpima mtafiti mmoja mmoja katika kuajiri, kupandisha cheo wala kutoa fedha. Mwaka 2015 likaja tamko la Leiden, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba takwimu zisaidie maamuzi ya wataalamu waliosoma kazi, zisichukue nafasi yao. Haya si malalamiko ya mtu wa Mtwara aliyekosa cheo.

Profesa, tazama historia ya mkoa huuhuu. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ajabu iliwaangusha watu wa uwanda wa Makonde, Newala na jirani zake, viungo vikiuma hadi mtu anapinda. Marion Robinson akaandika dalili za wagonjwa, Lumsden akaandika mwenendo wa mlipuko, makala zote mbili zikatoka mwaka 1955. Mwaka uliofuata Ross akaeleza kirusi chenyewe. Ndiyo chikungunya hiyo. Kwa miaka mingi waliofuatilia homa hii walikuwa wachache. Kisha mwaka 2005 na 2006 ikakipiga kisiwa cha Réunion, wakaugua takriban theluthi ya watu wake, mwaka 2007 ikaingia Italia, mwishoni mwa 2013 ikafika Karibi, na dunia nzima ikaanza kutafuta nani aliwahi kuiona mwanzo. Wakarudi Newala, kwenye makala za zaidi ya miaka 50 nyuma. Kamati inayotazama nukuu za miaka michache ingewaambia nini Robinson na Lumsden? Kwamba mchango wao hauridhishi?

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Siku chache kabla ya barua yenu, ilitoka makala kwenye jarida kubwa kuhusu vimelea vya ukanda wetu. Slaidi nyingi zilizotumika ni zile nilizokueleza, za chini ya mkorosho. Nilizisoma mimi na wenzangu wawili wa maabara. Orodha ya waandishi ni ndefu, ina watu wa Dar es Salaam na wa Ulaya. Sisi tupo mwishoni, kwenye shukrani, bila majina: "timu ya uwandani". Niliisoma mara mbili nikidhani nimepitiwa.

Miongozo ya uandishi ambayo majarida ya tiba yanaifuata ipo wazi. Kukusanya data ni miongoni mwa michango inayomstahilisha mtu kuwa mwandishi, mradi ashiriki kuandika au kuhakiki, aidhinishe nakala ya mwisho na abebe dhamana ya kazi. Na miongozo hiyohiyo inasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki hayo mengine. Sisi hatukuoneshwa rasimu. Sidhani kulikuwa na chuki. Nadhani mtu alikaa na kompyuta yake mbali na hapa, akaandika majina anayoyafahamu. Lakini matokeo ni kwamba nukuu za kazi yangu zinawaongezea wengine kipimo cha h, kisha kamati yako inaniandikia kwamba changu ni kidogo.

Nahisi pia kuna suala la jina. Makala zangu za mwanzo nilitumia jina la baba, za baadaye jina la mume. Aliyenitafuta mtandaoni kwa jina moja amepata nusu yangu. Tena kila kanzidata ina hesabu yake: Google Scholar hutoa namba moja, Scopus nyingine, na majarida mengi ya Afrika hayamo kabisa kwenye baadhi ya kanzidata hizo. Barua yenu haisemi namba 4 imetoka wapi. Wanawake wangapi wamepotezewa nusu ya kazi zao namna hii? Ni suala ambalo simu moja kituoni ingelimaliza.

Niseme na la maisha, kwa kuwa nalo lipo. Bila cheo hicho siwezi kuomba ruzuku kama mtafiti mkuu, na bila ruzuku naendelea kuwa timu ya uwandani ya wengine. Kijana wangu wa maabara, hodari kwelikweli kwenye hadubini, ameshaniambia anatafuta kazi kampuni ya korosho. Sikuwa na hoja ya kumzuia.

Nilikuwa na madai mengi nilipoanza kuandika. Nilitaka vigezo vibadilishwe, majina yetu yarudishwe kwenye makala ile, kamati itembelee vituo. Bado nayataka. Lakini kwa leo naomba moja tu, Profesa. Rufaa yangu ipo mezani kwako pamoja na makala tatu nilizoandika nikiwa mwandishi wa kwanza. Zisomeni. Zisomeni kabla ya kufungua kompyuta kutafuta namba. Mteue wajumbe wawili wanaojua vimelea, wazisome kuanzia kichwa hadi jedwali la mwisho. Wakiona ni dhaifu, waniandikie ni ukurasa gani na kosa gani, nami nitaupokea uamuzi bila neno.

Ila zisomeni kwanza.

Wako katika utumishi,
Mtafiti, kituo cha kanda, Mtwara